Darasa Likisoma kwa Sauti Moja, Asiyesoma Hajulikani

Simama kwenye dirisha la gredi ya pili katika shule yoyote ya umma Kisumu, Siaya au Vihiga, saa tatu asubuhi, na utaamini kwamba kazi ya kuwafundisha watoto kusoma imekwisha. Mwalimu anaelekeza kijiti ubaoni, watoto sabini wanaitikia kwa pamoja: "Juma ana mpira. Mpira wa Juma ni mwekundu." Sauti inafika hadi barabarani. Mwalimu mkuu akipita anatabasamu, na mzazi aliyekuja kulipa pesa za chakula anatabasamu vilevile.

Sasa ingia ndani, keti dawati la nyuma, uache ubao uangalie midomo. Hutakawia kumwona mtoto ambaye mdomo wake unafunguka nyuma kidogo ya wenzake. Macho yake hayapo ubaoni, yapo kwenye shavu la jirani. Sentensi ameisikia tangu Jumatatu, kwa hiyo anajua inakoishia, na neno "mwekundu" analitoa kwa nguvu kuliko wote kwa kuwa hapo hawezi kukosea. Mwalimu akifuta sentensi ile na kuandika "Mpira mwekundu ni wa Juma", maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine, kisha akamwita huyo mtoto asome peke yake, atasikia: "Juma ana mpira."

Ni kama kwaya ya shule katika tamasha la muziki. Anayefungua mdomo bila kutoa sauti hupanda jukwaani na wenzake na hurudi nyumbani na cheti kilekile.

Tumebishana miaka mingi kuhusu vitabu, mtaala, lugha ya kufundishia na malipo ya walimu, na mabishano hayo yana haki yake. Lakini katika gredi za chini kuna jambo moja dogo linalopita katikati ya hayo yote bila kuulizwa: mtoto anaweza kusoma miaka mitatu, kutoka gredi ya kwanza hadi ya tatu, bila mtu mzima hata mmoja kuketi naye na kumsikiliza akisoma peke yake kwa dakika nzima. Nadhani hapo ndipo tunapowapoteza wengi.

Na si kwamba Kiswahili ni kigumu kusoma. Mwalimu wa Kiingereza ndiye mwenye mzigo, maana lugha yake inaandikwa hivi na kutamkwa vile. Kiswahili kina irabu tano zisizobadilika, na mtoto aliyeshika ba be bi bo bu na ma me mi mo mu tayari ana uwezo wa kusoma maneno ambayo hajawahi kuyaona. Hapo ndipo pana kipimo rahisi kuliko vyote. Darasa likishazoea "mama", "babu" na "bibi", mwalimu aandike "bamia". Hakuna silabi ngeni hapo. Anayesoma ataiunganisha taratibu, ba, mi, a, kisha atacheka akigundua ni mboga anayoijua. Aliyekariri atakutazama, au atasema "babu" kwa matumaini.

Huku kwetu magharibi kuna mtego mwingine. Mtoto wa Seme au Nyakach anayetoka katika nyumba inayozungumza Dholuo, lugha ya Wajaluo, hakuzaliwa na sauti za "sh", "z" na "v" masikioni. Akiliona neno "shamba" akatamka "samba", amesoma. Mtoto wa Bungoma akiliona "dawa" akasema "tawa", naye amesoma. Herufi amezitambua, silabi ameziunganisha, na maana ameipata. Kilichobaki ni ulimi, na ulimi utanyooka kadiri anavyosikia na kuzungumza. Lakini yupo mwingine anayeliona neno "shati" na kusema "shule" bila kusita, kwa matamshi safi utadhani amelelewa Mombasa. Huyu hajasoma. Amezitazama herufi mbili za mwanzo akabahatisha.

Katika madarasa mengi wa kwanza ndiye anayesahihishwa, tena mbele ya wenzake wanaocheka, na wa pili anapita. Darasa likisoma kwa pamoja hata tofauti hiyo haisikiki. Mwalimu husikia "s" nyingi tu, akaamua kutumia kipindi kizima kuwafundisha wote kusema "sh". (Tukizungumzia sauti, haki itendeke: "ng'", "th" na "dh" zinazowahangaisha watoto wa sehemu nyingine, mtoto wa Kijaluo huja nazo kutoka nyumbani. Sijawahi kusikia akipongezwa kwa hilo.)

Ukitaka kuona ukubwa wa tatizo, angalia lilivyogunduliwa. Elimu ya msingi ya bila malipo ilipoanza Januari 2003, watoto walimiminika, madarasa yakafurika, na nchi ikahesabu idadi ya waliosajiliwa kuwa ushindi. Ushindi ulikuwa wa kweli. Ila haukutuambia wanajifunza nini. Kuanzia 2009 shirika la Uwezo lilianza kuwatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba, wakimketisha mtoto mmoja mmoja na kumpa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Matokeo ya 2011 yalionyesha kwamba ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kuisoma. Fikiria jambo hilo. Walimu walikuwepo, wakaguzi walikuwepo, mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwepo, na bado habari hii ililetwa na mtu wa kujitolea aliyekaa kwenye kigoda uani mwa watu. Alichokuwa nacho kuliko shule ni kwamba alimsikiliza mtoto peke yake.

Hata viwango rasmi vya kasi ya kusoma haviwezi kupimwa kwa njia nyingine. Mtoto wa gredi ya pili huhesabiwa kuwa anasoma kwa ufasaha akifikisha maneno 45 sahihi kwa dakika katika Kiswahili, na 65 katika Kiingereza. Wazazi wengine huuliza mbona Kiswahili kinapewa kiwango cha chini. Sababu ni urefu wa maneno yetu. "Hawajatuletea" ni neno moja, lakini limebeba sentensi nzima, na mtoto hulipanda kama ngazi. Iwe 45 au 65, mtu lazima awe na saa mkononi na mtoto mmoja mbele yake. Watoto sabini wakisoma kwa pamoja, kasi unayopima ni ya watano wa mbele.

Magharibi mwa Kenya ni mojawapo ya sehemu za dunia zilizochunguzwa sana kuhusu elimu ya watoto, ingawa wenyewe hatuzungumzii sana matokeo. Miaka ya tisini, kuanzia 1996, watafiti akiwemo Michael Kremer, aliyekuja kushinda tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walifuatilia shule 100 za Busia na Teso ambazo baadhi yake zilipewa vitabu vya kiada. Kila mtu alitarajia alama zipande. Zilipanda kwa wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo, na wengine vitabu havikuwagusa. Sababu haikuwa uvivu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na vilikuwa vimeandikwa kwa mtoto ambaye tayari anasoma. Kumpa kitabu asiyejua kusoma ni kumpa kitu cha kubeba.

Jaribio la pili linanigusa zaidi. Mwaka 2005, katika shule 140 za iliyokuwa Mkoa wa Magharibi, fedha zilitolewa ili kila shule iajiri mwalimu mmoja zaidi wa darasa la kwanza, wakati ambapo darasa la kawaida huko lilikuwa na watoto zaidi ya 80. Katika karibu nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kubahatisha. Katika nusu nyingine waligawanywa kulingana na walichokuwa wanakijua walipoingia. Wengi wangedhani kundi la chini litaumia kwa kukosa wenzao hodari wa kuwavuta. Ikawa kinyume. Waliogawanywa kwa kiwango walifanya vizuri zaidi, wa juu na wa chini pia, kwa kuwa mwalimu aliweza kuanzia pale watoto walipokuwa. Na kupunguza idadi ya watoto peke yake hakukutosha. Darasa dogo ambalo mwalimu wake aliendelea kufundisha kama zamani halikubadilika sana.

Mimi nayasoma majaribio haya mawili kwa pamoja. Kitabu, mwalimu wa ziada, chumba kipya, vyote huzaa matunda pale ambapo mtu anajua huyu mtoto amefika wapi. Asipojua, mali huwaendea waliokwishafika.

Ndipo ninapofika kwa Tusome, mradi wa kufundisha kusoma ambao kila mwalimu wa gredi za chini anaufahamu. Ulitanguliwa na majaribio katika kaunti kadhaa, zikiwemo Nakuru na Kisumu, kisha ukaenezwa nchi nzima mwaka 2015 kwa fedha za Marekani na Uingereza. Watu wanaukumbuka kwa vitabu, na kweli, kila mtoto kupata kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza lilikuwa jambo ambalo shule nyingi za vijijini hazikuwahi kuliona. Wengine wanaukumbuka kwa ule mwongozo wa mwalimu uliomwambia aseme nini ukurasa gani. Walimu wazoefu waliununia, na siwalaumu, ingawa mwalimu mpya alishukuru kuwa nao.

Ambacho nimesikia mara chache wengine wakikitaja ni tabuleti ya CSO, yule afisa wa serikali anayewasaidia walimu katika mtaala. Afisa huyu wa mtaala alifika darasani, akatazama somo, halafu akawachagua watoto watatu bila mpango na kuwaomba wasome, mmoja mmoja. Matokeo yaliingia kwenye tabuleti na nauli yake ikarudishwa. Watoto watatu ni wachache. Lakini mwalimu hakujua ni watatu gani, kwa hiyo ilimbidi awajue wote. Katika historia ya shule zetu sikumbuki mpango mwingine wa serikali uliofanya kumsikiliza mtoto akisoma kuwa sehemu ya kazi ya mtu anayelipwa mshahara.

Mradi ulipofika mwisho, vitabu vilibaki, vingine vikiwa vimechakaa hadi majalada. Nauli haikubaki. CSO mwenye shule kadhaa katika bonde la Kano, ambako barabara ikishikwa na mafuriko hata bodaboda hugeuka, hawezi kutembelea darasa kwa pesa zake mwenyewe. Na mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lenyewe lilifungwa, kwa hiyo anayengoja mfadhili arudi kulipa mafuta ya pikipiki na angoje. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo bajeti ya elimu ingeichukua, kabla ya kununua kifaa chochote chenye skrini.

Najua mtu yupo tayari na swali la lugha. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 sera imesema watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Katika Kaptembwa pale Nakuru, dawati moja lina Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya na Mkisii, na lugha ya eneo ni Kiswahili, tena cha mtaani. Katika Manyatta na Nyalenda, Kisumu, sentensi moja ya mtoto huwa na Dholuo mwanzoni, Kiswahili katikati na Sheng mwishoni. Kule Bungoma walijaribu kufundisha kusoma kwa Lubukusu, lugha ya huko, kwa vitabu vilivyoandaliwa vizuri, na watoto wakasoma Lubukusu vizuri zaidi kuliko wenzao. Katika Kiswahili na Kiingereza hawakuwapita waliofundishwa kwa mbinu zilezile bila Lubukusu. Mimi napenda mtoto asome lugha ya mama yake, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha. Lakini lugha ya mama ikifundishwa kwa kuimba pamoja itawaficha wasiosoma vilevile.

Kinachoniudhi zaidi ni mpangilio wa walimu. Kwa miaka mingi shule ilipimwa kwa KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho 2023, na mwalimu mkuu aliyetaka jina aliwapeleka walimu wake bora darasa la nane. Darasa la kwanza likapewa aliyeajiriwa juzi, au anayekaribia kustaafu, au yule ambaye wenzake hawamtaki kwingine. KCPE imeondoka, tabia imebaki. Nimesikia mwalimu akiambiwa na mwenzake, "Mwalimu, umefanya kosa gani ukapelekwa gredi ya kwanza?" Walicheka wote wawili. Ukweli ni kwamba kumfanya mtoto wa miaka sita avuke kutoka herufi hadi neno ni kazi ngumu kuliko kumwandaa wa miaka kumi na minne kwa maswali ya kuchagua jibu, na anayeiweza ni mwalimu wa daraja la juu, hata kama payslip yake haisemi hivyo.

Mtaala wa umilisi ulipoingia gredi za chini mwaka 2019 uliahidi kuondoa hofu ya mitihani, na umeiondoa kwa kiasi. Tatizo ni ripoti anayopelekewa mzazi. "Anakaribia matarajio." Mzazi wa Kondele anayeuza omena hadi saa mbili usiku anaisoma, anaona haijaandikwa ameshindwa, anaikunja. Hakuna palipoandikwa kwamba mtoto wake anajua herufi kumi na mbili, anachanganya "b" na "d", na hawezi kuunganisha silabi tatu. Mwalimu angeweza kuandika hivyo kwa mistari miwili. Lakini aandike vipi asichowahi kukisikia?

Walimu watanijibu, na jibu lao ni zito: watoto sabini, kipindi cha nusu saa, mipango ya somo, fomu za tathmini, na mtoto mmoja ametapika. Basi tuhesabu. Mwalimu akiwasikiliza watoto watano kwa siku, dakika moja kila mmoja, huku wengine wakiandika kwenye madaftari, ametumia dakika tano na kidogo za kuita na kuketi. Darasa la sabini linaisha kwa siku kumi na nne za masomo, yaani karibu wiki tatu. Katika muhula kila mtoto atasikilizwa mara tatu au nne. Si nyingi. Ni mara tatu au nne zaidi ya alizopata mwaka jana. Hahitaji tabuleti; kalamu na orodha ya majina vinatosha, na alama tatu: anasoma, anasuasua, bado. Baada ya mzunguko wa kwanza ataona kwamba wale wa "bado" si sabini, labda ni ishirini, na hao ishirini wanaweza kukaa kundi moja na kadi za silabi zilizokatwa kutoka kwenye makatoni ya mafuta ya kupikia wakati wengine wanasoma hadithi.

Kusoma kwa pamoja kusifutwe kabisa. Kunampa mtoto mwoga ujasiri, kunamfanya asikie sentensi inavyopanda na kushuka. Mwalimu mzuri huanza yeye, kisha darasa zima, kisha safu, kisha mmoja. Tunachokifanya ni kuishia hatua ya pili, kengele inalia.

Nyumbani pia inawezekana, hata pale mzazi hajui kusoma. Nyanya wa Nyando ambaye hakuwahi kukanyaga darasa anaweza kumwambia mjukuu asome mstari huku kidole kikifuata neno kwa neno, kisha asome tena mstari uleule. Maneno yakibadilika mara ya pili, au kidole kikifika mwisho sentensi ikiwa bado inaendelea, hapo pana jambo. Aende shuleni akaseme. Hahitaji kujua kilichoandikwa ili ajue mtoto anabuni.

Kuna tundu moja la mwisho ambalo lingezibwa bila shilingi. Chini ya Katiba ya 2010 chekechea ni kazi ya kaunti, na gredi ya kwanza ni ya serikali kuu kupitia TSC, tume inayoajiri walimu. Mara nyingi madarasa hayo yapo katika ua mmoja, yametenganishwa na mti wa mwembe. Mwalimu wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, anafika mwisho wa mwaka akiwajua watoto wake kwa majina: huyu anasoma silabi zote, huyu hajui herufi za jina lake, huyu haoni vizuri ubaoni. Januari watoto wanavuka ua, na habari zote hizo zinabaki kwenye daftari la mwajiriwa wa kaunti. Mwalimu wa gredi ya kwanza anaanza na wote kutoka "a", na anaanza kwa sauti moja. Hakuna sheria inayowazuia walimu hao wawili kuketi pamoja alasiri moja kabla shule hazijafungwa, orodha mezani, wapitie jina baada ya jina. Mwalimu mkuu ndiye anayeweza kuwaketisha, na kamati ya shule ina haki ya kumuuliza kama amefanya hivyo.